Siku moja kwenye divai ya mwambao wetu

Alhamisi ile ya mkutano mwenzetu mmoja alisimama akaomba mkopo wa dola 150 kwenye sanduku. Haikuwa mara ya kwanza mtu kuomba kiasi hicho. Mmoja alikopa anunue ndagala, mwingine vitenge vya kuuza Kavimvira, na hakuna aliyeulizwa maswali mengi. Lakini mwenzetu huyu aliposema anataka kutengeneza kasiksi, chumba kizima kilinyamaza.

Halafu kelele zikaanza. Mama mmoja, ambaye wote tunajua alivyoteseka nyumbani juu ya pombe, alitoka nje akakaa barazani mpaka mkutano ulipoisha. Mwingine alisema akiba yetu ni ya watoto na wajane, haiwezi kwenda kulewesha mabwana wa watu. Wa tatu akamjibu kwamba yeye alisomeshwa mpaka diploma ya Serikali na kasiksi ya mama yake, na hakumwona mama huyo amelewa hata siku moja. Mnajua sanduku letu lina makufuli matatu, na kila ufunguo una mama wake. Mwenye ufunguo wa tatu alisema hafungui kitu asichokijua. Basi, twende tukaone wanaoifanya kazi hiyo wanaifanyaje.

Ndiyo sababu Jumamosi tulikutana Kimanga saa kumi na mbili asubuhi, wamama 9 na mtoto mmoja wa kunyonya, tukapanda basi dogo kuelekea kusini. Yule aliyekaa barazani alikuwa wa kwanza kufika.

Ukitoka Uvira kwenda Baraka, ziwa liko mkono wa kushoto na milima mkono wa kuume, na barabara imebanwa katikati. Tulipita bandari ya Kalundu wakati wavuvi wa usiku wanaingia na taa zao, jua likichomoza nyuma ya milima ya Burundi ng'ambo. Mahali pengine maji ya ziwa, yaliyopanda miaka hii, bado yamesimama ndani ya nyumba ambazo tulikuwa tunazijua zina watu. Hapo hakuna aliyezungumza.

Baada ya hapo mwenzetu mwenye binti anayeishi Uswisi alipitisha simu yake. Binti alimtumia picha za matembezi ya Jumapili: mashamba ya mizabibu ya Lavaux, kando ya ziwa Léman, yamepangwa ngazi kwa ngazi na kuta za mawe kutoka mlimani mpaka karibu na maji. Watu hupanda treni kutoka Lausanne, wakatembea kati ya mizabibu, wakaonja divai kwa mwenye shamba huyu na yule, na jioni wakarudi nyumbani. Ngazi zile zina historia tangu karne ya 11, wakati watawa walipokuwa wenye ardhi hiyo, na mwaka 2007 UNESCO iliziandika katika urithi wa dunia. Karibu nasi zaidi kuna Dodoma ya Tanzania, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na divai ikatengenezwa, ila huko hakuna ziwa kama letu.

"Na sisi tunakwenda kuonja," akasema mwenye simu, na basi zima likacheka. Mtu akauliza ziwa lao lina kina gani. Mita 310. Letu lina mita 1,470, na duniani kote ni Baikal peke yake inayolipita. Habari hiyo ilitufurahisha kuliko ilivyostahili, kana kwamba tulilichimba sisi.

Sisi hatuna mizabibu. Tuna mingazi na migomba.

Baada ya Makobola mingazi inaongezeka, na ukifika Swima unaona kwamba mwambao huu unaishi kwa mti huo. Mawese ya Fizi tunayapikia wote Uvira. Watu wachache zaidi wanajua kwamba mti huohuo unatoa malafu. Tulimkuta baba mmoja anashuka kutoka juu ya mngazi, mkanda wa kamba umemzunguka yeye na mti, kibuyu kimening'inia begani. Tulimwamkia, tukamweleza kwamba sisi ni wamama wa kikundi kutoka Uvira tunaotaka kujifunza. Alicheka kidogo. Wamama huja kumtafuta kwa sababu nyingine, alisema, huja kuuliza kama bwana yao amepita hapo.

Alituonyesha kazi yake bila haraka. Mngazi una maua ya kiume na ya kike kwenye mti mmoja. La kike ndilo linalokuwa ngazi tunazokamua mafuta. Yeye hukata ncha ya ua la kiume, anafunga chombo chini yake, na utomvu unadondoka usiku kucha. Asubuhi anapanda kuuteka na kukata tena kipande chembamba ili jeraha lisizibe. Hapo hakuna cha kuongeza, wala sukari wala hamira. Chachu iko hewani na ndani ya kibuyu chenyewe.

Wako wengine, alituambia, ambao hawapandi. Wanauangusha mti wote na kuutoboa shina. Mti ulioanguka hutoa malafu mengi kwa majuma machache, halafu umekwisha. Mngazi uliotunzwa unaweza kuzaa zaidi ya miaka 25. Tulimwuliza ni nani anayefanya hivyo. "Mwenye mtoto hospitalini," akajibu, "au mwenye haraka ya kuondoka." Hatukuuliza zaidi, kwa kuwa katika miaka ya vita wengi wetu tumekuwa watu wa haraka ya kuondoka.

Tulinunua bidoni ya litre 5 tukaionja siku nzima, na jaribio hili tunawashauri wote wasioelewa maana ya kuchacha. Saa mbili asubuhi malafu yalikuwa matamu kama maji ya sukari, na hata wale wasiogusa pombe juu ya imani yao walikubali tone la ulimi. Saa sita yalikuwa yanauma ulimi na kutoa povu, mfuniko ukalia tulipoufungua. Saa kumi tulipokuwa njiani kurudi, yalikuwa makali na yenye uchungu, na mama aliyeyashika alisema kesho atatia kwenye kachumbari badala ya siki. Mwenzetu mwenye mtoto wa kunyonya hakuonja hata asubuhi. Muuguzi tuliyekuwa naye alimwunga mkono: pombe ambayo mama amekunywa inafika kwenye maziwa, na kwa mwenye mimba inafika kwa mtoto tumboni, wala hakuna kipimo kinachojulikana kuwa salama. Anasema wamama wengi kliniki humjibu kwamba kasiksi si pombe, ni chakula. Ni pombe.

Mboko tulifika kabla ya saa nne. Mama tuliyekwenda kumwona ni mtu mzima mwenye wajukuu, na jina lake halitaandikwa hapa kwa kuwa hakulitaka gazetini. Alitupokea kama binti zake. "Karibuni wanangu, mmekuja kuiba kazi yangu?" Tukasema ndiyo, Mama. Akasema basi tuvue viatu.

Kasiksi yake inaanza na shimo. Anachimba mpaka kiunoni, anatandika majani ya migomba, anapanga ndizi mbichi, anafunika kwa majani na udongo, akiacha tundu dogo la kuingiza moshi na joto la moto. Baada ya siku 4 hivi ndizi zimeiva zote kwa pamoja. Ukingoja ziive nyumbani, hii imeiva leo na ile kesho kutwa, na haziwezi kukamuliwa pamoja. Zinamenywa, zinatiwa ndani ya mtumbwi wa mti uliochongwa kwa kazi hiyo, pamoja na majani makali ya nyikani, na mwanaume mwenye nguvu anazikanyaga na kuzikanda mpaka zinaanza kulia maji. Majani ndiyo yanayoshika nyama ya ndizi na kuliachia juisi. Siku hiyo aliyekanyaga alikuwa kijana wa jirani, miguu imesuguliwa kwa sabuni mbele ya macho yetu. Sijui kama kila siku husuguliwa hivyo, alinong'ona mmoja wetu, na tukamkanyaga mguu anyamaze.

Juisi hiyo ndiyo mutobe. Haina pombe. Ni nzito, ya rangi ya asali nyepesi, na tuliinywa vikombe viwili viwili, hata mama wa barazani. Watoto wa jirani walikuwa wamepanga mstari na vikombe vyao tangu waliposikia mtumbwi unasukumwa, maana ni desturi pale kwamba watoto wanapata cha kwanza.

Ukitaka kasiksi, unaongeza maji, unatia unga wa mtama uliokaangwa, unafunika vizuri na kuweka mahali pa joto. Siku 2 au 3 inakuwa tayari. Siku ya 4 imeanza kuharibika. Hapo ndipo biashara hii ilipo: bidhaa yako ina siku 2 za kuishi.

Mwenzetu mwombaji alikuwa amekuja na daftari. Tulikaa chini ya mwembe tukahesabu pamoja na Mama, naye hakuficha kitu. Safari moja anatumia mikungu 8 na inampa bidoni 4 za litre 20. Analipa mikungu, analipa pikipiki inayoishusha kutoka milimani, analipa mkanyagaji, mtama, kuni, na kile kinachoachwa kwenye barieri za njia, ambacho hakina risiti. Bidoni 3 zinarudisha gharama. Ya 4 ndiyo ya nyumba. Kwa bidoni hiyo ya 4, kila juma au kila majuma 2, amejenga chumba cha mabati na kusomesha watoto 5.

"Na hizi?" akauliza mwenye ufunguo wa tatu, akionyesha mlango wa nyuma. Mlango ulikuwa umejaa alama za chaki kutoka juu mpaka chini. Mama alicheka akasema hayo ndiyo madeni. Wanywaji wanakunywa leo, wanalipa ndagala zikipatikana. Zisipopatikana, wanabadilisha njia. Kama mlango ule ungelipwa wote, alisema, angekuwa na mlango wa chuma. Mwenzetu aliandika hilo kwenye daftari akapiga mstari chini yake.

Kisha muuguzi akauliza swali ambalo sisi wengine hatukulifikiria, tuliokuwa tumekuja na hoja za ulevi na ada za shule tu. Aliuliza: "Mama, maji ya kuongeza unayateka wapi?"

Mama alituonyesha kwa kidole. Ziwani, pale chini, hatua 100 hivi. Tulipokwenda kuangalia, kulikuwa na wasichana wanafua, mitumbwi imefungwa, mbuzi wanakunywa, na kijana anaoga nyuma ya jiwe. Maji yalikuwa safi kwa macho. Yanaingia kwenye juisi yakiwa mabichi, bila kuchemshwa, kwa kuwa yakichemshwa yanataka kuni, na kuni zinakula bidoni ya 4.

Sisi watu wa Uvira hatuhitaji kufundishwa kipindupindu. Kila mmoja wetu amebeba mtu usiku. Tunakumbuka mafuriko ya Aprili 2020, Mulongwe ilipovunja nyumba na kuua watu na mitambo ya maji ya mji ikaharibika, jinsi tulivyorudi wote kwenye ziwa na mito na bidoni zetu. Muuguzi alitueleza polepole. Watu hudhani pombe inaua vijidudu vyote. Pombe nyepesi kama kasiksi huwezi kuitegemea kwa kazi hiyo. Kikombe nacho kinapita mkono kwa mkono, mdomo kwa mdomo, watu 10 kwa kikombe kimoja. Mgonjwa mmoja anatosha.

Mama hakukasirika. Alikaa kimya kidogo, akasema kwamba miaka yote hiyo watu wamekuja kumwuliza mambo mengi, bei, ladha, nani amekunywa hapo jana, lakini hakuna aliyewahi kumwuliza maji. Tukakaa naye tukahesabu tena. Kuchemsha maji yote ya safari moja, mpaka yatokote kabisa, na kuyaacha yapoe ndani ya chombo chenye mfuniko, kunakula kama robo ya bidoni ya 4. Mwombaji wetu aliitazama hesabu hiyo kwa muda mrefu kuliko zote.

Chakula kilikuja: mikeke ya kuchoma, ugali wa muhogo, sombe iliyoungwa kwa mawese mekundu ya palepale. Mtu angeweza kusafiri kwa ajili ya sombe hiyo peke yake. Kusini, kwa mbali, tuliona mgongo wa Ubwari umelala juu ya maji.

Tulipokuwa tunanawa mikono, mama wa barazani alisema neno lake la kwanza kwa mwenye nyumba tangu salamu. "Mama, ile inayobaki siku ya 4, unaipeleka wapi?"

Wote tulijua jibu kabla halijatoka. Inakwenda kwa watu wenye mapipa, wanaoipika iwe kanyanga. Wanailipia kidogo, lakini wanalipa taslimu, siyo kwa chaki. Mama aliongeza, bila kuulizwa, kwamba bwana yake mwenyewe alimalizwa na hiyo, na kwamba mwaka wa kwanza wa ujane alimwaga mabaki yote chini. Mwaka wa pili ada za shule zilimshinda akaacha kumwaga. Mama wa barazani alimshika mkono. Walikaa hivyo mpaka dereva alipopiga honi.

Njiani tulikwama kwenye tope karibu saa nzima, tukasukuma, na mmoja wetu alipoteza ndala ambayo sasa ni mali ya barabara. Uvira tuliingia usiku.

Alhamisi iliyofuata tuliwaeleza wenzetu waliobaki kama tulivyoandika hapa. Mabishano yalikuwa marefu lakini hayakuwa ya kelele. Mwishoni mkopo ulikubaliwa, siyo wote. Mwombaji atapokea dola 80 kwanza: sufuria kubwa ya kuchemsha maji, ndoo mbili zenye mfuniko na bomba, na mikungu ya safari ya kwanza. Hatanunua pipa lolote lililowahi kubeba dawa ya shamba au mafuta ya gari, hata akihakikishiwa kwamba limeoshwa. Nusu ya juisi atauza ikiwa mutobe, siku ileile, karibu na shule, na nusu ndiyo itakuwa kasiksi. Atapika kidogo ili isibaki, na inayobaki haiendi kwa wenye mapipa. Hasara ya hiyo ni yake, na kama ikimzidi, aje aseme mbele yetu kabla hajaiuza. Mlango wake hautakuwa na chaki. Tukiona daftari la miezi 3, tutazungumza juu ya dola 70 zilizobaki.

Waliokubali walikuwa 17, waliokataa 6. Mama wa barazani alikuwa kati ya wale 6, na aliomba iandikwe gazetini kwamba alikataa. Tumeandika. Aliomba pia kwamba awe mmoja wa watakaokagua daftari, na hilo lilikubaliwa na wote.

Mikungu ya kwanza inashuka Jumatano asubuhi. Shimo litachimbwa nyuma ya nyumba ya mwombaji, na anayetaka kujifunza namna ya kulifunika aje na jembe lake, kwa kuwa yaliyopo ni mawili tu.